Nepi za Nyumba Namba Nne

Bweni la watafiti, chumba namba 11
Jumapili, 8 Februari

Dereva wangu,

Bahasha ya Januari imefika salama. Karatasi tano za Jumamosi tano, nyumba kumi kwenye kila karatasi, na sahihi yako chini kama mjusi aliyekanyagwa. Nikatafuta barua ndani, nikakung'uta bahasha, sikuona kitu. Hebu nieleze, mtu anapima taka za majirani hadi gramu ya mwisho, lakini mkewe hamwandikii hata mstari mmoja?

Kwenye simu ndiyo usiseme. Unaitika "sawa" mara ishirini, unaniuliza kama nimekula, basi, umeaga. Nabaki nimeishika simu naitazama. Kwa kuwa chuo hakitaki picha, kinataka karatasi zenyewe zenye wino na sahihi, na posta lazima uende, tia na barua. Nakuomba kama mke, si kama mtafiti.

Umeniuliza nafanya nini huku kutwa. Nahesabu. Nimekusanya makala mia nne na kumi na mbili za watu walioandika juu ya taka za miji kwa miaka thelathini, nazipanga mafungu mafungu kama wewe unavyopanga taka kwenye turubai. Za zamani zinauliza tuzike wapi. Zinazofuata zinauliza tutumie tena vipi, halafu linakuja fungu kubwa la kuchoma tupate umeme. Siku hizi watu wanaifundisha kompyuta kutazama picha ya jaa na kukisia uzito wake. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo watafiti wanavyosogea mbali na mfuko wenyewe. Profesa wangu ananiambia, "Mama, nani siku hizi bado anapekua mfuko kwa mkono?" Nikamwambia, mume wangu. Akacheka, halafu akachora duara kwa penseli kwenye sura yangu ya pili, akaandika ndani yake: Pengo liko wapi? Maana yake, katika makala zote hizo, ni swali gani ambalo hakuna aliyeliuliza. Wiki ya sita hii natembea na duara hilo kichwani.

Utetezi wangu umepangwa tarehe 16 Juni. Nitasimama mbele ya watu watano waniulize mpaka wachoke, na nikivuka hapo narudi nyumbani. Kwa hiyo kiapo chetu kiko palepale: usiniongezee, usinipunguzie, usinisaidie. Hata ukikutana na aibu ya jirani ndani ya mfuko, ipime uiandike. Hata ikiwa aibu yetu.

Mama nimempigia juzi. Anasema yuko kwake, mgongo tu ndio unamsumbua na baridi. Nyuma yake kulikuwa na kitu kinatatarika, nikamuuliza ni nini, akasema redio imeharibika. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo. Ukipata nafasi siku moja panda basi ukamwone, najua ni safari ya kutwa nzima.

Nina hamu nawe. Mwaka mmoja na miezi mitano, na bado kwenye kitanda hiki chembamba nalala upande mmoja nikikuachia nafasi.

Wako,
Bibi Mizani


Nyumba namba nne
Jumapili, 1 Machi

Bibi Mizani,

Haya, barua hiyo. Usinicheke mwandiko, mkono uliozoea usukani kalamu unaiona sindano.

Karatasi nne za Februari zimo. Majirani wazima. Fundi viatu wa namba mbili katupa soli kilo sita, anasema anasafisha duka, mimi nadhani anataka tu atokee kwenye utafiti wako. Yule mwalimu mstaafu wa hesabu wa namba saba kila Jumamosi anakuja kusimama nyuma yangu kuhakiki kujumlisha. Nikikosea anakohoa. Fundi cherehani wa namba sita ndiye ananisaidia siku hizi kushika mifuko, mkono wake ni mwepesi na hakinai. Mapacha wake wametambaa tayari.

Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Ulikuwa unalalamika unyevu, sasa umekwisha. Dirisha nalo linafunguka.

Mama nilimwona. Anakusalimia sana, anasema soma, usijishughulishe na mgongo wake.

Namba nimeziandika kama zilivyo. Kuna mahali nilishika kalamu muda mrefu, lakini nikaandika, maana uliniapisha. Ukiona kitu hukielewi, niulize taratibu.

Na mimi nina hamu nawe. Hayo siwezi kuyasema kwenye simu, watu wa gereji wanasikiliza. Nikimaliza zamu naoga kwa sabuni mara mbili kama ulivyonizoeza, halafu hakuna wa kunusa kama nimetakata. Nakaa tu.

Dereva


Chumba namba 11
Jumanne, 10 Machi

Mume wangu,

Naandika kwa kifupi.

Nyumba namba nne, Jumamosi ya tarehe 7 Februari, mstari wa tisa, nepi za watoto: kilo sita na gramu mia nane. Tarehe 14: kilo saba. Tarehe 21: kilo saba na mia tatu. Tarehe 28: kilo saba na mia moja. Tangu Oktoba mstari huo kwa nyumba yetu ulikuwa sifuri.

Kwanza nilisema umechanganya mifuko. Nikaenda kwenye namba sita, kwa mapacha. Nepi zao ziko palepale pa siku zote. Kwa hiyo hukuchanganya.

Nyumba namba nne ni yangu. Nililala humo miaka tisa nikiomba mtoto, wewe unajua nilikwenda kwa madaktari wangapi na nilirudi na uso gani. Sasa sipo, na nyumba yangu inatupa nepi. Umepaka rangi chumba cha nyuma. Fundi cherehani mkono wake ni mwepesi na hakinai. Nimesoma barua yako mara ya pili kwa macho mengine, na kila neno limegeuka.

Sitaki kupiga simu. Ukiniitikia "sawa" kwa hili sijui nitafanya nini. Niandikie: nani analala kwenye chumba cha nyuma?

Mkeo


Nyumba namba nne
Jumatano, 18 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeisomea ndani ya gari, kwenye foleni ya dampo, na zamu yangu ilipofika wenzangu walinipigia honi mpaka mlinzi akaja kunigongea kioo.

Hakuna mtoto. Hakuna mwanamke wangu mwingine. Fundi cherehani ni mke wa mtu, na mumewe ni rafiki yangu kuliko wewe unavyojua. Hayo nakuapia.

Lakini ulichouliza siwezi kujibu. Kuna mtu aliniapisha nisikwambie kitu mpaka utetezi wako upite, na ni mtu ambaye mimi sina ubavu wa kumvunjia. Najua hili litakuudhi zaidi. Nimekaa naandika nafuta tangu nitoke kazini.

Nikuulize jambo moja tu. Mimi ndiye dereva wa gari la taka la mtaa huu. Ningetaka usijue, si ningechukua ule mfuko Ijumaa, nikautupa ndani ya gari na kuushindilia, nani angejua? Karatasi ingekuja kwako safi, sifuri kama zamani. Sikufanya hivyo. Kila Jumamosi niliufungua kwenye turubai, nikahesabu, nikapima, nikaandika. Huko kote ulikotaka nisiseme uongo, sijasema.

Nivumilie mpaka Juni. Ukishindwa kunivumilia, basi soma karatasi. Mwenyewe uliniambia mfuko hauna haya, unasema kila kitu.

Karatasi za tarehe 7 na 14 Machi nimezitia humu kabla ya siku yake.

Dereva wako, ukipenda usipende


Chumba namba 11
Alhamisi, 26 Machi

Mume wangu, nisamehe.

Nilipopata barua yako nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kuichana. Badala yake nikasukuma kitanda ukutani, nikatandaza karatasi zote za nyumba namba nne sakafuni tangu Oktoba, nikapiga magoti. Nikajiambia, isome kama ya mtu usiyemjua.

Pembeni, mahali pa idadi ya vipande, uliandika kila wiki, kwa mwandiko mdogo. Vipande kumi na vinne. Vipande kumi na vitano. Vipande kumi na vinne. Kilo saba kwa vipande kumi na vinne ni nusu kilo kila kimoja. Za mapacha wa namba sita hazifiki hata robo. Mimi ninayegawanya kila kitu, mpaka vijiko vya sukari, hili sikutaka kuligawanya. Wivu ulinishika mkono.

Hakuna nepi ya mtoto yenye nusu kilo. Hiyo ni ya mtu mzima, na fomu yangu haina mstari wa mtu mzima. Niliandika "nepi za watoto" kwa sababu ndivyo zilivyo fomu zote nilizozisoma, na mimi nilinakili. Wewe ulitafuta pa kuziweka, ukaziweka palipokaribia.

Halafu nikaendelea. Hakuna kopo la maziwa ya mtoto hata moja. Mabaki ya chakula yameongezeka, na umeandika "laini", chakula cha mtu aliyeshindwa kumaliza. Mstari wa taka hatari, gramu sitini, nilidhani betri. Umeandika "karatasi za vidonge". Na tarehe 7 Machi, kwenye nyinginezo, umeandika: "kitana cha mbao, kimekatika katikati."

Kitana hicho kilinivuta nywele nikiwa na miaka mitano, nimekaa katikati ya magoti yake, nikilia. Nilimnunulia vipya mara tatu akavigawa. Mama yuko kwangu. Mama yuko kwenye chumba cha nyuma ulichokipaka rangi, na ile redio inayotatarika ni cherehani ya namba sita.

Tangu lini? Ana nini? Anaongea, anakula, ananiulizia? Nani anamwosha? Wewe? Wewe ambaye kwenye harusi yetu ulishindwa kumtazama usoni ulipompa mkono?

Kila kitu ninachokijua duniani ni jinsi ya kusoma mfuko wa taka, na wa mama yangu nimeusoma kimakosa. Nimelia mpaka jirani wa chumba namba 12 akagonga kuuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia bado.

Niandikie kila kitu. Kiapo chako umekitunza, mimi mwenyewe ndiye nimejua. Mwambie hivyo.

Mkeo anayekuonea aibu na hamu kwa pamoja


Nyumba namba nne
Jumapili, 5 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni fundi cherehani wa namba sita, yule uliyemtilia shaka. Nimemwambia aandike na hilo. Amecheka, sasa anajifuta machozi, tumsubiri.

Ni kiharusi. Kilinikuta Januari, wiki ya mwisho, nachota maji ya kuogea. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havinisikii, na mdomo ulipinda ukarudi kidogo. Majirani walimpigia mumeo, akaja na gari la rafiki yake, safari ya kutwa nzima, akanibeba kama gunia akanileta kwake. Kwenye simu nilikuwa nazungumza na wewe nikiwa nimelala kitandani chini ya dirisha lako mwenyewe, na huyu hapa ameacha kushona ili usisikie, ila siku ile alisahau.

Mimi ndiye niliyemwapisha. Usimlaumu, nilitumia ukali. Baba yako alipougua uliacha chuo miaka miwili kumuuguza, ukarudi ukakaa darasani na wadogo wa wenzako, na hukuwahi kunilalamikia hata siku moja. Mimi nilikuwa naona. Nikasema miaka ya mtoto huyu siili mara ya pili. Atasoma amalize, halafu atanikuta kama nipo.

Sasa nikueleze habari za mkwe wangu, maana yeye hatakueleza. Wiki ya kwanza alikuwa anapiga hodi, anaingia kinyumenyume, anageukia ukuta, ananibadilisha kwa kupapasa. Ile nepi akanifunga mbele nyuma. Nilimwambia, baba, ukiendelea hivi utanifunga kichwani. Tukacheka wote wawili, aibu ikaishia hapo. Kuniogesha ananiogesha huyu fundi, lakini asubuhi kabla ya kazi ni yeye, na jioni ni yeye. Kigari cha magurudumu akikirudisha nyuma kutoka chumbani analia "tii, tii, tii" kama lori lake, ili niliye ndani yake nijihadhari. Ninamwita Dereva kama wewe.

Na kila Jumamosi anachukua mfuko wangu, anaufungua uani, anapima. Nikamwambia, huo mmoja tu si uuache, utatuumbua. Akasema, "Mama, kuhusu kunyamaza nimekuapia. Kuhusu namba nilishamwapia yeye." Nikamjua hapo ni mwanamume wa namna gani.

Mwanangu, nilikuwa nimekataza, na nilikuwa na sababu. Lakini tangu barua yako isomwe hapa kitandani, kukataza kumeniisha. Nimekosa sauti yako ikiwa chumba kimoja na mimi. Nataka unichane nywele, huyu fundi anaona huruma havuti vizuri. Masomo yako yatasubiri, mimi sijui kama nitaweza. Nakuomba uje.

Mama yako


Nyumba namba nne
Jumapili, 3 Mei

Mpendwa Profesa,

Nimefika salama. Nashukuru kwa kunisainia ruhusa siku ileile, na kwa kuwaambia wale watu watano kwamba utetezi unasogezwa mpaka Septemba. Najua haikuwa rahisi.

Ulinichorea duara ukauliza pengo liko wapi. Nimelipata nikiwa nimekaa juu ya ndoo, uani kwangu, nimevaa glavu.

Katika makala zote mia nne na kumi na mbili, kila anayepima taka za nyumba anaanza kwa kuuliza nyumba ina watu wangapi. Anauliza siku ya kwanza. Baada ya hapo anapima wiki, miezi, wengine mwaka, na kugawa kilo kwa idadi ileile. Hakuna anayerudi kugonga mlango kuuliza tena. Mimi pia niliuliza Oktoba, nikaandika "mmoja", nikaendelea kugawa kwa mmoja wakati mama yangu amelala ndani. Wale wa kompyuta na picha za jaa wako mbali zaidi, hawauoni hata mlango. Miaka thelathini tumejifunza taka zinakwenda wapi, zinaungua vipi, zinakisiwa vipi. Tumesahau kwamba nyumbani watu huja, huugua, huzaliwa, huondoka, na mfuko hujua kabla yetu.

Nimeongeza mistari miwili kwenye fomu. Mmoja ni "watu waliolala nyumbani wiki hii". Wa pili ni "nepi za watu wazima". Nimezunguka nyumba zote kumi. Nyumba namba saba ni ya mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu msafi sana, anayeishi peke yake. Kwenye mstari wa pili ameniomba niandike, halafu akaenda kusimama dirishani. Alikuwa anazificha kwenye mfuko wa majani ya bustani, ambao hatuupimi, tangu mwaka juzi.

Natuma karatasi ya jana ya nyumba namba nne. Nimeipima mwenyewe. Watu waliolala nyumbani: watatu. Nepi za watu wazima: kilo saba na gramu mia mbili. Mabaki ya chakula: kilo mbili kasoro gramu mia moja, nafuu, maana wiki hii mama amemaliza sahani.

Sijui nitarudi lini. Namchana nywele kila asubuhi.

Mwanafunzi wako


Bweni la watafiti, chumba namba 11
Jumapili, 30 Agosti

Dereva wangu,

Nimefika. Ufunguo ni uleule, kitanda ni kilekile, na jirani wa namba 12 alipouliza safari hii nilimwambia ndiyo, nimefiwa.

Ulinisukuma nipande basi, na nilikukasirikia kituo hadi kituo. Ulisema Mama alitaka nimalize. Ni kweli, aliniambia mwenyewe Julai, wiki yake ya mwisho, mkono wake wa kushoto ukiwa mkononi mwangu. Akasema, "Nimekula miezi yako mitatu, imenitosha, inayobaki kasome." Lakini kuiacha nyumba siku thelathini na tisa baada ya kumzika, na kukuacha wewe peke yako humo, sikuona sawa na bado sioni.

Utetezi ni tarehe 15 Septemba. Sura ya pili imekamilika, Profesa amefuta duara lake kwa kifutio, nimeona alama tu. Imebaki Jumamosi moja ya kupima ili hesabu itimie. Nipimie ya tarehe 5, nyumba zote kumi, uniletee namba kama zilivyo. Ni mara ya mwisho nakuomba hivyo.

Kitana chake ulichokiokota kwenye taka nimekuja nacho, nusu moja. Nusu nyingine nimekuachia kwenye droo ya mezani.

Nalala upande mmoja bado.

Bibi Mizani


Nyumba namba nne
Jumapili, 6 Septemba

Bibi Mizani,

Karatasi ya mwisho ndiyo hii, nyumba zote kumi. Mwalimu wa namba saba alikuja kusimama nyuma yangu kama kawaida. Safari hii mfuko wake aliuleta mwenyewe, mkononi, mchana kweupe, akaniambia andika. Fundi cherehani alishika mifuko. Wote wanakuombea.

Nusu ya kitana nimeiona. Imekaa hapo hapo, sijaigusa.

Chumba cha nyuma nafungua dirisha asubuhi, nafunga jioni. Kigari cha magurudumu nilikiazima dispensari, juzi nikakirudisha. Nilikisukuma mwenyewe kwa miguu mpaka pale, na mlangoni palikuwa na ngazi, ikabidi nikigeuze nikirudishe nyuma. Nikajikuta nasema "tii, tii, tii" mbele za watu. Nesi akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia sawa.

Nakwambia kwa kuandika kwa sababu kwa mdomo sitaweza: nyumba ni kubwa. Sikuwahi kujua. Ulipoondoka mara ya kwanza nilivumilia kwa kuwa nilikuwa sijaonja. Sasa nimeonja nyumba ya watu watatu, wawili wakigombana nywele zivutwe vipi na mmoja yuko jikoni anasikiliza. Rudi, mke wangu. Ukishinda rudi, ukishindwa rudi.

Ya nyumba namba nne nakuandikia na hapa pia, usije ukadhani nimekosea ukaanza kunitilia shaka upya.

Watu waliolala nyumbani wiki hii: mmoja.
Nepi za watu wazima: sifuri.
Mabaki ya chakula: kilo nne na gramu mia mbili.

Najua Profesa atauliza mtu mmoja anatupaje kilo nne. Mwambie mizani ni nzima, nimepima mara mbili na mwalimu amehakiki. Bado napika cha watu watatu.

Dereva